Mlo Aliouacha Penina

Yai la kwanza Penina alilikataa kwa kinywa chake mwenyewe, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine yote.

Ilikuwa asubuhi, Makoko, kwenye nyumba ya kupanga ambayo ukisimama uani unaliona ziwa katikati ya mapaa mawili ya jirani. Mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana. Alichemsha yai, akalimenya, akalinyunyizia chumvi. Kabla hajalifikisha mdomoni, dada yake Eufrasia akamshika mkono.

"Mdogo wangu, utakula yai kweli? Mjamzito hali yai. Mtoto anatokaga hana hata unywele."

Penina akacheka. "Dada, kliniki wanasema tule."

"Na zile mbili zilizoharibika, si ulikuwa unakulaga vya kliniki?"

Kicheko kikamkauka. Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hii, na mara zote mbili Eufrasia ndiye aliyekuja kumuuguza, akamfulia mashuka, akamkanda kwa maji ya moto, akalia naye. Penina akalirudisha yai kwenye sahani.

"Haya, naliacha."

"Usiseme hivyo. Sema umemwachia."

"Nimemwachia nani?"

"Ndivyo wazee wanavyosemaga tu. Sema."

"Nimemwachia."

Eufrasia akainyanyua sahani kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepeleka vipaji altareni, akaingia nayo stoo. Stoo yenyewe ilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, mlimokaa gunia la mkaa na madumu matupu. Alipotoka, sahani haikuwa na kitu. Ilikuwa imelowa, inadondosha maji, na stoo haikuwa na bomba.

Penina aliliona hilo, akaliacha lipite. Huyu alikuwa Eufrasia, dada aliyembeba mgongoni mama yao alipokuwa shambani, aliyekuwa akimtafunia samaki na kumtolea miiba kabla ya kumlisha. Eufrasia aliolewa Butiama, akakaa miaka bila mtoto, mpaka siku ndugu za mume walipomtupia sanduku lake barabarani. Tangu hapo aliishi kwa mama yao, Marieta, kule Nyegina. Penina aliposhika mimba hii ya tatu, mama alimtuma tena aje amwangalie, kwa kuwa Evance, mume wa Penina, alikuwa mwalimu Bunda na alirudi nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi.

"Nikiwa na dada siogopi," Penina alimwambia mumewe. "Yeye anajua kunitunza."

Baada ya yai yakafuata maziwa. Mtoto atazaliwa na utando mweupe mwilini, Eufrasia alisema. Halafu maini: mama atavuja damu. Halafu sato, na furu, na hata dagaa, kwa sababu mtoto atakuwa anatokwa udenda kama samaki aliyevuliwa. Kila mara sahani iliandaliwa kwanza, ikawekwa mbele ya Penina, ikimnukia hasa, mpaka mate yamjae. Na kila mara alitakiwa kuisukuma mwenyewe na kusema.

"Nimemwachia."

Sahani ikaingia stoo. Ikatoka imelowa.

Kilichobaki kwake kilikuwa ugali na mlenda, tena mlenda usio na karanga. Mashavu yakabonyea. Akisimama ghafla, ukuta ulikuwa unamzunguka. Nguo za ujauzito alizoshonewa na fundi wa Kitaji zikaanza kumpwaya, naye akajipa moyo kwamba labda fundi huyo alikosea vipimo.

Halafu ikaja ile harufu. Mwanzoni alidhani ni jirani ameanika samaki vibaya. Ilikuwa harufu ya tope la ziwani, lile la chini kabisa ambalo nanga huja nalo, yenye uvundo wa magugu yaliyooza, na ilitokea stoo, mchana, jua likiwa kali. Pamoja na harufu ikaja sauti. Eufrasia akiwa ameingia na sahani, Penina alisikia kutafuna. Kulikuwa na kutafuna kwa mtu, kule anakokujua tangu utoto, dada yake akila. Na chini yake kulikuwa na kutafuna kwingine, kwa polepole, kwa maji maji, kama ng'ombe anayekula majani yaliyolowa.

"Dada, huko stoo uko na nani?" aliuliza siku moja kupitia mlango.

Kutafuna kote kukakoma kwa pamoja.

"Niko peke yangu," Eufrasia akajibu. "Nenda ukapumzike, mdogo wangu. Usisimame sana."

*

Nesi wa kliniki aliitwa Ghati, mwanamke mrefu, asiyezunguka maneno. Alimpima Penina tumbo, akarudia kupima, akaiangalia kadi yake. Akaweka kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakihamisha huku na huku, kichwa kimeinama, na uso wake ukawa unabadilika.

"Mama, tumbo lako limepungua."

"Limepunguaje, sista?"

"Ndiyo na mimi nakuuliza. Mtoto anaongezekaga, harudi nyuma. Na moyo nausikia, lakini kwa mbali, kama uko chumba cha pili." Akamtazama macho, akamfunua kope. "Damu huna. Unakula nini?"

Penina akamweleza. Yai hapana, maziwa hapana, maini hapana, samaki hapana. Kadiri alivyotaja, ndivyo alivyojisikia mjinga.

"Nani kakuzuia?"

"Dada yangu. Amenilea."

"Hata kama amekuzaa." Ghati akaweka kalamu chini. "Sikiliza. Kula yai, ila liive vizuri. Kula dagaa, kula sato, kula mboga za majani, kunywa maziwa yaliyochemshwa. Cha kuacha ni pombe, na nyama mbichi mbichi, na huo udongo mnaotafunaga. Vidonge vya damu unameza?"

"Dada anasema vinamfanya mtoto anenepe sana nishindwe kujifungua. Ananiwekea."

"Anakuwekea wapi?"

Penina hakujua.

Aliporudi nyumbani uani kulikuwa kimya. Eufrasia alikuwa bafuni, lile la mabati lililoezuliwa na upepo wa masika, anaoga. Penina akaenda kumwambia, maneno ameshayapanga njiani, kwamba kuanzia leo atakula. Mlango wa bati ulikuwa haujafungwa vizuri. Akaona mgongo wa dada yake. Kisha Eufrasia akageuka kuchukua kopo, na Penina akaona tumbo.

Lilikuwa la mviringo, gumu, linang'aa kwa maji, na mstari mweusi umeshuka katikati yake. Penina alisimama pale akilitazama tumbo la mwanamke ambaye hakuwa na mume wala bwana, aliyejifunga kanga mbili mbili kutwa nzima na joto lote lile, na wakati anatazama, chini ya mbavu za kulia, palepale ambapo mwanawe mwenyewe alikuwa akimpiga kila akilala kiubavu na ambapo sasa ilikuwa imepita wiki nzima bila kumsikia, ngozi ya Eufrasia ikainuka, ikatulia, ikainuka tena.

Eufrasia akaweka kiganja pale. Akatabasamu. Wala hakuwa akimtabasamia Penina, kwa kuwa hakujua kwamba Penina yupo. Alikuwa anatazama pembeni ya ndoo, chini, kama mtu anayeonyesha mwenzake jambo zuri.

"Umemsikia?" alinong'ona.

Pembeni ya ndoo hapakuwa na mtu. Kulikuwa na maji tu, na yale maji yakasogea yenyewe, yakapanda mteremko wa sakafu kuelekea kwake.

Penina hakuchukua hata mkoba. Alitoka kwa mlango wa mbele, akasimamisha bodaboda, akamwambia dereva jina moja tu. Nyegina. Kwa mama.

*

Marieta alikuwa jikoni kwake, jirani na misheni, anasonga ugali. Rosari ilikuwa shingoni kama kawaida. Akamwona bintiye anaingia huku anahema, kiatu kimoja kimekatika, akageuka kuangalia chungu chake.

"Umekuja mapema," alisema.

Penina hakulisikia neno hilo. Alianguka magotini, akamwambia yote, stoo, harufu, tumbo, maji yaliyopanda. Alieleza huku akilia, akingojea mama yake apige kelele, aite majirani, amkumbatie. Marieta aliendelea kusonga. Ndipo lile neno likamfikia.

"Mama. Ulijua nakuja?"

"Kaa kwenye kigoda. Utaumia magoti."

"Mama, ulijua?"

Marieta akaepua. Akaketi, akapangusa mikono kwenye kanga, na alipoanza kuongea sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Dada yako walimtupia sanduku barabarani. Ulikuwepo, uliona. Alitaka kujitupa ziwani, Penina. Mimi ndiye niliyemshika gauni. Sasa ningefanya nini? Nikampeleka kwa mganga mmoja, kule visiwani, anaitwa Bernado. Huyo ndiye aliyetupatia yule."

"Yule nani?"

"Wa majini. Anahamisha. Hachukui kwa nguvu, hawezi. Mwenye mimba mwenyewe lazima aache, chakula kwa chakula, kwa kinywa chake. Yai ni macho na nywele. Maziwa ni mifupa. Maini ni damu. Samaki ni pumzi. Ukishaacha, dada yako anakula, na yule anakula, na mtoto anahama kidogo."

Kengele ya misheni ikalia saa sita. Marieta akasimama, akafanya ishara ya msalaba, akasali Malaika wa Bwana kwa midomo isiyotoa sauti, mpaka mwisho, kisha akaketi tena.

"Mwanangu mimi," Penina alisema. "Mjukuu wako."

"Atabaki mjukuu wangu. Si atazaliwa humu humu? Wewe ni kijana, una mume, una nyumba. Utapata mwingine. Eufrasia ana muda gani tena?"

Penina akahesabu kichwani, kutoka mimba hii kurudi nyuma.

"Na zile mbili za kwanza?"

Marieta akatazama moto.

"Mama. Zile mbili."

"Zile masharti tulikuwa hatujayashika vizuri," Marieta akasema.

Mama akapakua. Ugali mweupe kwenye sahani ya bati, bila mboga, akauweka mbele ya Penina kwa mikono miwili.

"Najua umekasirika," alisema kwa upole. "Najua huwezi kula mkononi mwangu leo. Ni haki yako. Kama hutaki ugali wangu, sema tu. Usukume, useme umemwachia."

Mkono wa Penina ulikuwa tayari kwenye ukingo wa sahani. Alitaka kuitupa. Alitaka kusema hatakula tena chochote kitokacho katika nyumba ile mpaka anaingia kaburini, na maneno hayo yalikuwa kwenye ulimi, yamebakiza kutoka, aliposikia pazia la chumba cha ndani likipumua. Harufu ya tope ikatoka. Chini ya pazia akaona nyayo za Eufrasia, ambaye alimwacha Makoko anaoga, zimelowa bado. Na kando ya nyayo zile dimbwi la maji meusi lililokuwa linatanuka bila kumwagwa na mtu, na kutoka katikati yake kutafuna kule kwa polepole, ingawa hakikuwepo bado cha kutafuna. Akaelewa kwamba ugali ndio uliobaki, kwamba siku zote hizi alikuwa ameishi kwa ugali tu, na kwamba hasira yake yenyewe ilikuwa imepikwa na kuandaliwa kama kitoweo.

Akakata tonge.

"Penina," mama akasema haraka, "huna njaa, mwanangu."

"Nina njaa."

Akala. Lilimkwama, akalimeza kwa nguvu. Alipoinamia sahani kukata la pili, ugali upande wa pili ukabonyea wenyewe, alama ya dole gumba ikaingia, pana kuliko ya mtu, na tonge likanyanyuka, likatoweka, na hapakuwa na mkono. Penina akaivuta sahani kifuani akaikumbatia, ikawa inavutwa naye anaivuta, akasimama nayo akaenda moja kwa moja kwenye lile pazia akalifungua kwa bega, na ndani akakuta mkeka umeandaliwa, mayai yamemenywa, maini ya kukaanga, sato mzima kwenye mchuzi, kibuyu cha maziwa, karamu nzima aliyopikiwa Eufrasia na mama yao, naye Eufrasia ameketi ameliegemeza tumbo mapajani, macho yamemtoka.

"Mdogo wangu," Eufrasia alinong'ona, "mdogo wangu usile, nakuomba, nakupigia magoti, amebaki kidogo, namsikia anavyocheza, nimeshamzoea, usile."

Penina akapiga magoti kwenye mkeka ule, akachukua yai akala, akasema kwa mdomo uliojaa kwamba yai hili ni lake na la mwanawe, akala maini akasema hivyo hivyo, akanywa maziwa yakamwagika kidevuni, akararua samaki kwa vidole bila kutoa miiba, na kadiri alivyokula ndivyo maji yalivyopanda kwenye mkeka, ya baridi ya kukata, yakimzunguka magoti, na kitu ndani ya maji yale kikamshika vidole kimoja kimoja kujaribu kuvifumbua, na sauti ikamwambia sikioni sema umeniachia, sema umeniachia, mara kwa sauti ya dada yake, mara kwa sauti ya mama, mara kwa sauti nyembamba ya mtoto ambaye hajawahi kusikika duniani, ikifuatiwa na nyingine kama hiyo, mbili, zikilia njaa, akajua ni za nani, na mikono ikalegea kidogo.

Ndipo teke likaja. Lilikuwa chini ya mbavu za kulia, ndani yake yeye, kwa nguvu iliyomfanya aguse sakafu.

"Sijamwachia mtu," alisema. "Sikuwahi kumwachia mtu. Mlinidanganya."

Eufrasia akapiga ukelele uliowatoa watu misheni. Walipofika walimkuta Penina kwenye mkeka uliolowa chapa chapa, sahani tupu zimemzunguka, anachokonoa mwiba kwenye meno huku analia. Eufrasia alikuwa amejikunja pembeni. Marieta aliwaambia watu kwamba mabinti zake walikuwa wamegombana kuhusu chakula.

*

Evance alipigiwa simu na watu wa misheni, akaja na gari la kukodi usiku uleule. Penina hakumficha lolote. Hakujua kama mumewe aliamini, lakini tangu siku hiyo Evance alihamia Makoko, akawa anatoka alfajiri kwenda Bunda na kurudi jioni, na kupika akapika mwenyewe. Mlango wa stoo akaupigilia misumari. Ghati alisikiliza tumbo, akasikiliza tena, akasema moyo uko chumba hikihiki sasa, akamwangalia Penina kama anayetaka kuuliza, asiulize.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mwenye nywele, mwenye sauti. Penina alimkagua macho, vidole, kucha, kila kitu, kama mtu anayekagua mzigo uliopita mikono mingi. Usiku ule wa kwanza, wakiwa wawili tu kitandani, yeye na Evance walinong'onezana jina. Waliamua wamwite Masatu, la babu yake Evance, na kwamba hawatalisema popote mpaka siku ya ubatizo. Hawakumwambia jirani. Hawakumwambia hata Ghati.

Marieta alipiga simu mtoto akiwa na wiki chache. Penina aliitazama namba ikiita mpaka ikakatika, ikaita tena. Akapokea.

"Mwanangu," sauti ya mama ilikuwa imekonda. "Nisamehe. Sina mwingine wa kumwambia. Dada yako hajajifungua. Tumbo liko vilevile. Tumempeleka hospitali wakampiga picha, wanasema ndani wanaona maji tu. Lakini anakula, Penina. Amemaliza mihogo, amemaliza mbegu za kupandia. Mimi sijatia kitu mdomoni tangu juzi. Kila nikipakua, naambiwa nimwachie."

Penina alimpakata mwanawe vizuri. Alishangaa kukuta kwamba anamhurumia mama yake.

"Kula, mama," alisema. "Kata tonge ule. Ukatae kuacha. Ndivyo nilivyofanya mimi."

"Mimi ni mzee. Sina nguvu hizo." Marieta akashusha sauti, akawa anaongea kama aliyeweka kiganja mbele ya mdomo. "Mlete mtoto tumuone. Mara moja tu. Anamuulizia sana."

"Eufrasia?"

Kule upande wa pili kigoda kikaburutwa.

"Nani anamuulizia mwanangu, mama?"

"Si dada yako. Analala huyu, amelala hapa, namwona. Sauti inatoka tumboni. Inamwita kwa jina. Masatu, inasema. Mleteni Masatu, alikuwa wangu."

Mtoto aliacha kunyonya, akageuza uso kuelekea simu.

"Na wewe," Penina aliuliza, "umemjibu nini?"

Marieta akajibu kwa sauti ileile ya zamani, tamu, ya jioni za Nyegina alipokuwa akiwaita wanawe wote wawili waje kula.

"Nimemwambia mnakuja kesho."